Nyundo Ipi kwa Jiwe Lipi: Mwongozo kwa Waashi na Mafundi wa Kabro

Vijana wengi wanaoanza kazi ya mjengo hapa Pwani hununua nyundo kabla ya kifaa kingine chochote, na mara nyingi nyundo hiyo huwa ile yenye makucha ya kung'olea misumari. Ni nyundo nzuri kwa paa na fremu za mbao. Ikipelekwa kwenye kabro, kwenye mawe ya Mazeras au kwenye kichwa cha tindo, matokeo huwa mabaya: jiwe hupasuka pasipotakiwa, mkono huchoka kabla ya adhuhuri, na wakati mwingine kipande cha chuma huruka na kumwingia fundi jichoni.

Kazi ya kutandaza kabro imeenea katika masoko, vituo vya matatu, nyua za shule na barabara za mitaa, na imewapa kipato wengi ambao hawakupitia chuo. Fundi anayelipwa kwa mita ya mraba hupata hasara yake mwenyewe kila kabro inapovunjika. Kabro ya mstatili ya milimita 200 kwa 100 huingia 50 katika mita moja ya mraba, kwa hiyo uwanja wa mita 100 za mraba huhitaji kabro 5,000. Ikivunjika moja tu katika kila 20 kwa sababu ya kugongwa vibaya, zimepotea 250, sawa na mita 5 za mraba nzima. Kama kazi ni ya umma, hasara hiyo huishia kwa mwananchi. Kama ni ya mtu binafsi, hukatwa kwenye malipo ya fundi.

Makala haya yanaeleza nyundo zinazohitajika katika kazi ya uashi na ya kabro, jinsi ya kuzichagua dukani, jinsi ya kuzitumia bila kuumia, na haki za mfanyakazi iwapo ataumia.

JIWE KWANZA, NYUNDO BAADAYE

Swali la kwanza ni kitu gani kinagongwa, na kinatakiwa kifanye nini: kivunjike, kichongwe, au kikae sawa bila kuumia. Katika Kaunti ya Kilifi na jirani zake, fundi hukutana hasa na aina tatu za mawe.

Mawe ya matumbawe ndiyo yaliyojenga Gede, Mnarani na Jumba la Mtwana, na hadi leo yanakatwa katika matimbo na kuuzwa kwa ajili ya kuta za nyumba. Ni mawe ya chokaa yenye matundu matundu, na kwa kawaida ni laini kuliko mengine. Huchongeka kwa nyundo nyepesi yenye ubavu mkali. Lakini matundu hayo hayo hufanya pigo zito lilipasue jiwe kwa njia ambayo fundi hakuipanga.

Mawe ya Mazeras ni mawe ya mchanga ulioshikana kwa muda mrefu sana, nayo yamelala kwa tabaka kama kurasa za kitabu. Ndiyo maana hupasuliwa kuwa vipande bapa vya kutandaza kwenye baraza, veranda na njia za bustani. Mawe bapa yanayojulikana kwa jina la mto Galana hutumika kwa kazi zinazofanana. Jiwe la aina hii likigongwa sambamba na tabaka zake hufunguka kwa urahisi. Likigongwa kwa nguvu juu ya uso wake huku chini kuna uwazi, huvunjika katikati.

Aina ya tatu ni mawe yanayotengenezwa kwa saruji: bloku za ukuta, kabro, na mawe ya kingo za barabara. Kabro nzuri ni ngumu sana inaposukumwa kutoka juu na chini, na ndiyo sababu hubeba magari. Udhaifu wake uko kwenye pembe na kingo. Pigo moja la chuma kwenye pembe latosha kuimega, na pembe iliyomegeka haina dawa isipokuwa kubadilisha kabro yenyewe.

Kutokana na hayo, hakuna nyundo moja inayofaa kazi zote. Fundi anayefanya uashi na kabro pamoja anahitaji angalau nyundo tatu.

NYUNDO YA MAKUCHA: IBAKI KWENYE MBAO

Uso wa nyundo ya makucha umetengenezwa kwa chuma kilichokazwa ili upige msumari, ambao ni laini kuliko uso huo. Tindo pia ni chuma kilichokazwa. Vyuma viwili vigumu vinapogongana, kimoja kinaweza kumeguka na kurusha kipande kidogo chenye kasi kubwa. Kwa sababu hiyo hiyo, mafundi wenye uzoefu hukataza kabisa kugonga nyundo kwa nyundo nyingine, hata kwa nia ya kulegeza jiwe lililokwama.

Zaidi ya hayo, uso wa nyundo ya makucha ni mdogo. Fundi anayelenga kichwa cha tindo kwa uso mdogo hukosea mara nyingi, na anapokosea hujigonga kidole au kifundo cha mkono. Katika kazi ya mawe, nyundo hii itumike kupigilia misumari ya vigingi vya kuvutia uzi na mbao za kukingia zege, basi.

NYUNDO YA MWASHI: KUCHONGA NA KUKATA

Nyundo ya mwashi ina upande mmoja wa uso wa mraba na upande wa pili wenye ubavu mkali kama patasi pana. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 450 na 700. Huu ndio uzito unaomwezesha fundi kufanya kazi kwa mkono mmoja siku nzima huku mkono wa pili umeshika jiwe au tofali.

Upande wa ubavu hutumika kuchora mstari kwenye tofali au jiwe la matumbawe kwa mapigo mepesi yanayofuatana, kuzunguka pande zote nne. Mstari ukishaonekana, pigo moja la uso wa mraba hulitenga jiwe mahali palipochorwa. Upande huo wa ubavu pia hukwangua saruji kavu kwenye tofali zinazorudiwa kutumika na kuondoa vinundu kwenye jiwe la ukuta.

Nyundo hii haifai kupigia tindo kwa mapigo mazito, kwa kuwa ni nyepesi. Wala haifai kusawazishia kabro, kwa kuwa uso wake wa chuma humega pembe.

NYUNDO YA TINDO: FUPI NA NZITO

Kwa kukata kabro, jiwe la Mazeras au bloku kwa tindo, nyundo inayofaa ni ile yenye kichwa kizito cha pande mbili zinazofanana na mpini mfupi. Uzito wake huwa kati ya kilo 1 na karibu kilo 1.8. Kwenye baadhi ya nyundo uzito huandikwa kwa ratili, kwa herufi lb. Ratili moja ni karibu gramu 450, kwa hiyo nyundo ya ratili 3 ina takriban kilo 1.4.

Kuna kanuni moja rahisi ya kulinganisha nyundo na tindo: uso wa nyundo uwe mpana kuliko kichwa cha tindo kwa takriban sentimita moja ya kipenyo. Tindo lenye kichwa cha sentimita 2.5 ligongwe kwa nyundo yenye uso wa angalau sentimita 3.5. Hapo hata pigo lisilolenga katikati sawasawa bado hutua juu ya tindo badala ya kuteleza hadi mkononi.

Kukata kabro kwa mkono hufuata utaratibu huu. Kabro hupimwa na kuchorwa mstari pande zote. Huwekwa juu ya kitanda cha mchanga, kamwe si juu ya zege tupu, ili iegemee kila mahali. Fundi huweka tindo pana juu ya mstari na kugonga kidogo kidogo, akiizungusha kabro mpaka mkwaruzo uonekane pande zote. Mwisho hutoa pigo moja au mawili yenye nguvu kwenye mstari wa juu. Anayeruka hatua ya mkwaruzo hupata vipande vitatu badala ya viwili.

Kipande kilicho kidogo kuliko theluthi moja ya kabro kisitumike ukingoni mwa njia. Kipande kidogo hakina uzito wa kujishikilia na hung'oka mapema magari yakipita. Ni afadhali kubadilisha mpangilio ili vipande viwili vya ukubwa wa wastani vichukue nafasi ya kabro nzima na kipande kidogo.

NYUNDO KUBWA: KUVUNJA TU

Nyundo kubwa ya mpini mrefu, yenye kilo 3 hadi 6 na zaidi, ni ya kuvunja zege la zamani, kupasua mawe makubwa na kupigilia vigingi vya chuma. Hushikwa kwa mikono miwili. Haina nafasi katika kutandaza kabro.

Wengi hudhani nyundo nzito zaidi ndiyo inayovunja zaidi. Nguvu ya pigo hutokana na uzito na kasi kwa pamoja, na kasi ndiyo yenye athari kubwa zaidi: uzito ukiongezwa mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara mbili, lakini kasi ikiongezwa mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Mtu anayeinua kilo 6 kwa shida huishusha polepole na kulenga vibaya. Mtu huyo huyo akiwa na kilo 4 huenda akavunja zege hilo hilo kwa haraka zaidi, na mgongo wake ukabaki salama.

Anayevunja kwa nyundo kubwa asimame miguu imepanuka, na asiwe na mtu mbele wala nyuma yake katika umbali ambao nyundo inaweza kufika. Kama kuna haja ya kushikiliwa mtaimbo au kigingi, kishikwe kwa koleo refu au kwa waya uliozungushwa, si kwa mkono wa mwenzake.

NYUNDO YA MPIRA: RAFIKI WA KABRO

Kwa kutandaza kabro na mawe bapa, nyundo inayohitajika kila dakika ni ya mpira. Uzito wa gramu 450 unatosha kwa vigae na mawe membamba. Kwa kabro na mawe mazito ya Mazeras, gramu 700 hadi 900 hufaa zaidi. Mpira hutawanya pigo juu ya eneo pana, hivyo jiwe husogea bila kumegeka.

Mpira mweusi huacha alama kwenye mawe ya rangi nyepesi. Mahali ambapo mwenye nyumba ataona kila doa, kama sakafu ya mawe ya Galana, nyundo ya mpira mweupe ni bora zaidi. Fundi asiyekuwa nayo anaweza kuweka kipande cha ubao juu ya jiwe na kugonga ubao huo. Ipo pia nyundo ya plastiki ambayo kichwa chake kina uwazi uliojazwa gololi ndogo za chuma; hiyo hairuki nyuma baada ya pigo, na huupunguzia mkono mtikisiko.

Jambo linalowaponza wengi ni kutumia nyundo ya mpira kurekebisha makosa ya mchanga. Kabro hulala juu ya mchanga uliosambazwa kwa unene wa takriban milimita 30, na mchanga huo husawazishwa kwa ubao kabla ya kabro ya kwanza kuwekwa. Kabro ikikaa juu kuliko jirani zake, fundi huigonga kwa nguvu mpaka ishuke. Hapo mchanga wa chini umebanwa zaidi kuliko wa jirani, na baada ya miezi michache ya mvua na magari, jirani hao hushuka na kuiacha ile moja imesimama kama jino. Kabro iliyo juu itolewe na mchanga upunguzwe. Iliyo chini itolewe na mchanga uongezwe. Kazi ya nyundo ni kuisogeza kabro ifuate uzi na kuibana pembeni, nafasi kati ya kabro na kabro ibaki milimita 2 hadi 5.

Kushindilia kwenyewe hufanywa na mashine ya kutetemesha baada ya eneo kutandazwa na kingo kufungwa. Hupitishwa mara ya kwanza, mchanga laini hufagiliwa kwenye nafasi, kisha mashine hupitishwa tena. Ukingo ambao haujafungwa usishindiliwe; mashine ikae angalau mita moja mbali nao, la sivyo kabro za mwisho husukumwa nje. Hakuna fundi anayeweza kufanya kazi ya mashine hiyo kwa nyundo, hata akigonga mchana kutwa.

Unene wa kabro nao una sehemu yake. Kwa njia za miguu, kabro ya milimita 60 hutosha. Panapopita magari, milimita 80 ndiyo inayotumika kwa kawaida. Kabro nyembamba ikitandazwa kwenye njia ya malori itapasuka hata kama iliwekwa kwa nyundo bora na mikono mizuri.

NYUNDO YA MENO KWA NGAZI ZINAZOTELEZA

Nyundo ya meno ina uso wenye vichongo vidogo vidogo kama piramidi. Hutumika kukwaruza uso wa jiwe au zege uliokuwa laini mno. Ngazi za mawe katika majengo ya umma, vizingiti na njia za viti vya magurudumu vikiwa laini, huwa hatari wakati wa mvua; nyundo hii huvipa mkwaruzo wa kushika miguu na magurudumu. Si lazima kila fundi awe nayo, lakini kundi la mafundi laweza kununua moja na kuitumia kwa zamu.

UZITO UNAOFAA MKONO

Njia rahisi ya kupima uzito dukani ni kushika nyundo karibu na mwisho wa mpini na kunyoosha mkono mbele kwa muda kidogo. Kichwa kikianza kutetemeka au kuinama, nyundo hiyo ni nzito mno kwa kazi ya siku nzima.

Hesabu inaonyesha kwa nini hili si jambo dogo. Fundi anayegonga mara 20 kwa dakika hugonga mara 1,200 kwa saa. Nyundo ikiwa nzito kwa nusu kilo zaidi ya inavyohitajika, amenyanyua kilo 600 za ziada kwa saa hiyo moja bila faida yoyote. Mwisho wa wiki, bega na kiwiko ndivyo vinavyodai deni. Ganzi na mchomo wa vidole usioisha baada ya kazi ni dalili ya kupumzika, kubadilisha nyundo au mpini, na kumwona mhudumu wa afya kabla hali haijakomaa.

MPINI WA MBAO, FAIBA AU CHUMA

Mpini wa mbao humeza mtikisiko vizuri na hubadilishwa kwa bei nafuu. Uwe wa mti mgumu usio na vifundo, na nyuzi za mbao ziende moja kwa moja kutoka juu hadi chini. Mpini ambao nyuzi zake zinakata upande hupasuka siku ya pigo zito.

Mpini wa faiba haunywi maji wala hauozi, na hufaa hali ya unyevu ya Pwani. Ukianza kuchanika nyuzi, hauwezi kutengenezwa. Mpini wa chuma ni imara kuliko yote, lakini hupeleka mtikisiko mwingi mkononi, na kwenye hewa ya chumvi hushika kutu usipopakwa mafuta.

Kichwa cha nyundo ya mpini wa mbao kikilegea, wengi huitumbukiza nyundo kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mbao huvimba na kichwa hukaza kwa siku moja au mbili. Kisha jua huikausha, mbao husinyaa kuliko mwanzo, na kichwa hulegea zaidi. Dawa ya kweli ni kukishusha kichwa mahali pake na kukaza kabari mpya, au kubadilisha mpini. Msumari uliopigiliwa mahali pa kabari haushiki vizuri na unaweza kuupasua mpini. Kichwa kinachochomoka katikati ya pigo humfuata yeyote aliye mbele yake, awe kibarua au mtoto anayepita.

Dukani, mnunuzi aangalie mambo manne: kichwa kisitikisike hata kidogo, uso usiwe na ufa wala pembe zilizomeguka, kingo za uso ziwe zimelainishwa kidogo badala ya kuwa kali, na mpini ujae kiganjani bila kuteleza. Nyundo iliyochomelewa kichwa baada ya kupasuka isinunuliwe, kwa kuwa joto la kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma.

MACHO, MAPAFU NA VIDOLE

Miwani ya kinga ni lazima kwa kila anayegonga chuma au jiwe, na kwa aliyesimama karibu naye. Miwani ya jua haitoshi, maana kioo chake hakikutengenezwa kuzuia kipande kinachoruka, na pembeni iko wazi.

Kichwa cha tindo kilichogongwa sana hutanuka na kukunjamana kama uyoga. Mikunjo hiyo ndiyo huchomoka na kuruka. Tindo la namna hiyo lisagwe kwenye mashine mpaka mikunjo yote iishe, au litupwe.

Vumbi likiingia jichoni, jicho lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi mengi. Kipande kikiwa kimechoma ndani ya jicho, kisiondolewe na mtu yeyote pale kazini. Jicho lifunikwe bila kukandamizwa na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja. Kuchelewa siku moja kwaweza kumaanisha kupoteza jicho.

Vumbi la mawe ya mchanga kama ya Mazeras, na la kabro na zege, lina silika. Chembe zake ndogo kabisa, ambazo hata hazionekani, huingia ndani ya mapafu na kuyaachia makovu. Ugonjwa huo, unaoitwa silikosisi, hauna tiba, na huongeza hatari ya kupata kifua kikuu. Kinga yake ni rahisi: jiwe lilowanishwe kabla ya kukatwa, kazi ifanywe mahali pa wazi upepo ukiwa mgongoni, na ivaliwe barakoa ya kuzuia chembe laini kama N95. Kitambaa kilichofungwa usoni hakizuii chembe hizo.

Mkono unaoshika tindo ushike katikati, na macho yatazame makali yake yanapogusa jiwe. Matindo yenye kinga ya mpira juu ya mshiko hupatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na huokoa vidole vingi vya wanaojifunza.

HAKI YA MFANYAKAZI

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama na afya ya wafanyakazi wake wakiwa kazini, pamoja na kuwapa vifaa vya kinga panapohitajika. Mfanyakazi naye ana wajibu wa kuvitumia vifaa alivyopewa. Anayesimamia kazi ya kabro hapaswi kumwambia kibarua ajinunulie miwani kwanza ndipo aandikwe kazi.

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inampa mfanyakazi aliyeumia kazini haki ya kudai fidia. Aliyeumia amjulishe mwajiri haraka iwezekanavyo, na mwajiri apeleke taarifa kwa idara ya taifa inayosimamia usalama na afya kazini. Mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, kwa hiyo kukosa barua ya ajira peke yake hakumwondolei mtu haki. Hata hivyo, ushahidi husaidia: tarehe na saa ya ajali, majina ya waliokuwapo, na stakabadhi zote za hospitali zihifadhiwe.

CHETI KWA UJUZI ULIOPO

Fundi aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia gredi ya III, kisha II, hadi I. Uashi ni mojawapo ya fani zinazotahiniwa. Katiba ya 2010 iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti, na vyuo hivyo ndivyo mahali pa kwanza pa kuuliza kuhusu mafunzo ya uashi na matayarisho ya mtihani. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vilivyosajiliwa vinaweza pia kuomba zabuni chini ya mpango unaowatengea asilimia 30 ya ununuzi wa umma, na cheti cha ufundi huongeza uzito wa ombi.

KWA MWENYE FEDHA CHACHE

Anayeanza na kabro anunue kwanza nyundo ya mpira ya gramu 700 hadi 900, kisha nyundo ya tindo ya kilo 1 hadi 1.4 pamoja na tindo moja pana. Anayeanza na ukuta anunue nyundo ya mwashi kwanza, halafu ya tindo. Nyundo kubwa inaweza kukodishwa au kuazimwa siku inapohitajika. Miwani ya kinga haingoji awamu ya pili. Kwa anayefanya kazi zake mwenyewe, inunuliwe siku ile ile ya nyundo ya kwanza.

Jioni, nyundo ifutwe saruji kabla haijakauka, chuma kipakwe mafuta kidogo, na mpini ukaguliwe. Nyundo ya mpira isiachwe juani, maana mpira huo hukakamaa na kupasuka. Ukaguzi huo ni wa dakika mbili tu, na ndio utakaoonyesha ufa wa mpini au kichwa kinacholegea kabla nyundo haijainuliwa tena asubuhi.